Mbegu tumegawa, matuta tumechimba: tutajuaje kama vimesaidia?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni afisa ugani wa kata katika Wilaya ya Kongwa, Dodoma. Huu ni msimu wa tatu wa mradi wetu wa kuwasaidia wakulima kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tumegawa mbegu za mtama wa muda mfupi, tumefundisha matuta ya kukinga maji, na vikundi vinatunza visiki hai mashambani, yaani visiki vya miti vinavyochipua tena. Kila baada ya miezi mitatu natuma ripoti: idadi ya waliofundishwa, kilo za mbegu, ekari zenye matuta. Majuzi kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Bwana shamba, haya yote yametusaidia, au ni mvua tu ilikuwa nzuri?" Sikuwa na jibu. Naomba unieleze, jambo hili linapimwaje?

JIBU: Marahaba, bwana shamba. Mfikishie mzee huyo salamu zangu, maana swali lake limewasumbua hata wanaokutana kwa niaba ya mataifa. Mkataba wa Paris wa 2015, katika ibara yake ya 7, uliweka lengo la dunia nzima kuhusu kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mfumo wa kulifuatilia lengo hilo ulikubaliwa Dubai mwaka 2023, na viashiria vyake 59, ambavyo ni vya hiari, vikapitishwa Belém, Brazili, Novemba 2025. Imechukua miaka kumi. Moshi wa viwanda hupimwa kwa tani, na tani ya Ulaya ni tani ya Kongwa. Kuhimili hakuna tani yake. Mtama uliookoka jua la Februari huko kwako hauwezi kujumlishwa na mpunga uliookoka mafuriko ya Rufiji. Kwa hiyo usione haya kwa kukosa jibu pale mkutanoni.

Nianze na ripoti zako. Unachohesabu ni cha kweli na lazima kihesabiwe, kwa sababu fedha za watu zinahitaji maelezo. Lakini watu waliofundishwa, kilo na ekari vinaeleza kazi uliyofanya wewe. Mzee anauliza kuhusu maisha yake yeye. Na Kongwa, kuliko mahali pengine popote Tanzania, ina sababu ya kuwa makini hapo. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga hapo mwaka 1947, walilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na kipimo kilichoangaliwa sana mwanzoni kilikuwa ekari zilizofyekwa. Udongo ulioshupaa kama saruji wakati wa kiangazi na mvua isiyotabirika havikuwa na safu yake katika hesabu zile. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Wazee wa Kongwa wanaijua habari hiyo. Kila nikisoma ripoti yenye ekari peke yake, huwa naikumbuka.

Sasa tuje kwenye mvua, kwa sababu hapo ndipo mzee amekubana. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka wa wastani, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili, na tofauti ya mwaka mmoja na mwingine ni kubwa mno. Mvua ikiwa nzuri, hata shamba la mvivu linatoa. Nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu ya kutathmini mradi unaofanana na wako, katika wilaya kame. Takwimu za msingi, yaani za kabla ya mradi kuanza, zilikusanywa mwaka wa ukame, na za mwisho mwaka wa mvua nzuri. Mavuno kwa ekari yalikuwa yamekaribia mara mbili, nasi tukaandika kwamba mradi umefanikiwa. Siku ya kuondoka tulisimama kununua maji kwenye kijiji ambacho mradi haukufika. Mama mwenye duka akatuambia, "Hata sisi huku mwaka huu tumevuna, hatuna pa kuweka." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ripoti ilikwishatumwa, na sijaacha kuifikiria.

Kwa hiyo kabla ya kupima kitu chochote, pima mvua. Weka kipima mvua kimoja katika kila kijiji, mahali pa wazi, mbali na mti na bati, na umkabidhi mtu mmoja anayeaminika akisome kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari. Shule ni mahali pazuri ikiwa mwalimu atakuwepo hata wakati wa likizo ya Desemba. Jumla ya msimu peke yake haitoshi. Andika tarehe ya mvua ya kupandia, idadi ya siku kavu zilizofuatana, na tarehe ya mvua ya mwisho ya maana. Milimita 500 zilizosambaa vizuri zinashibisha watu, na milimita 500 zilezile zikikatika wiki tatu mtama unapochanua zinaacha mabua. Kwa miaka iliyopita, waombe Mamlaka ya Hali ya Hewa kumbukumbu za kituo cha karibu. Zipo pia takwimu za bure za CHIRPS, zinazounganisha picha za satelaiti na vituo vya ardhini tangu 1981, kwa vipande vya eneo vya takriban kilomita tano kwa tano. Zinafaa kwa historia, lakini zisichukue nafasi ya daftari lako. Unajua mwenyewe jinsi mvua ya huko inavyonyesha upande mmoja wa korongo na upande wa pili ukabaki vumbi.

Ukishaijua mvua, tafuta wa kulinganisha nao. Usichukue wanachama wa kikundi ukawalinganisha na wengine wote wa kijiji, kwa sababu anayejiunga na mradi mapema mara nyingi tayari ana ng'ombe wa kulimia, ana kijana wa kumsaidia, au ana shamba la bondeni. Angevuna zaidi hata bila wewe. Njia ninayoipenda ni ya foleni. Kama mradi utapanuka kwenda kijiji cha pili msimu ujao, wale waliokwisha kujiandikisha wakisubiri ndio wa kulinganisha nao: wana hamu ileile, wana hali inayokaribiana, tofauti yao ni kwamba hawajaanza. Chukua kaya 30 hadi 40 kila upande, uzichague kwa kura mbele ya watu, uzifuate hizohizo msimu hadi msimu. Vijiji viwe na udongo unaofanana, lakini visipakane sana, kwa sababu mbegu nzuri haiheshimu mpaka wa mradi. Mtu humpa shemeji yake kopo moja, na mwakani imeenea.

Tena usidhani wasio katika mradi wamekaa tu. Wagogo wamekuwa wakihimili ukame tangu kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Anayeberega shamba lake, akiparua juujuu na kupanda bila kutifua ili awahi mvua ya kwanza, anahimili. Mwenye vishamba vitatu pande tatu za kijiji anahimili. Anayechanganya mtama na uwele, au kupeleka mifugo kwa ndugu wa mbali, naye vilevile. Unapolinganisha, unapima njia yako dhidi ya njia zao, na wakati mwingine zao zitashinda. Ukikuta hivyo, liandike.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Teknolojia ya kuhimili ukame haipimwi kwa mwaka mzuri. Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Tuseme mwaka wa milimita 650 wenye matuta wanapata kilo 600 kwa ekari, na wasio nayo 550. Ukitazama hapo utasema matuta hayana maana: kilo 50 kwa jasho lote lile! Halafu unakuja mwaka wa milimita 380. Wenye matuta wanapata kilo 350, wasio nayo 150. Wa kwanza wameshuka kwa asilimia 42, wa pili kwa asilimia 73. Gawanya mavuno kwa mvua: shamba la matuta limetoa kilo 0.92 kwa kila milimita katika miaka yote miwili, na shamba tambarare limeshuka kutoka kilo 0.85 hadi 0.39. Maji yaliyoanguka yalitiririka kwenda korongoni badala ya kunywewa na udongo. Tofauti ya kilo 200 katika mwaka mbaya ndiyo inayoamua kama mbuzi watauzwa au watabaki zizini.

Kwa hiyo kipimo chako kikubwa ni hiki: mwaka mbaya ulipokuja, nani alianguka kwa kina gani, na alichukua muda gani kuinuka? Swali hilo lina ugumu wake, kwa kuwa linahitaji mwaka mbaya utokee ukiwa unapima. Misimu mitatu inaweza kupita yote ikiwa mizuri. Ikiwa ndivyo, andika kwa ujasiri kwamba mradi bado haujajaribiwa. Najua wafadhili wanapenda jibu mapema. Hata hivyo, ripoti inayosema "bado hatujui, na hiki ndicho tunachokisubiri" ina thamani kuliko tuliyoiandika sisi mwaka ule.

Upimaji wenyewe wa mavuno una mitego yake. Gunia halina uzito mmoja. Kuna gunia la kawaida na kuna lumbesa, na kuna mtu anayehesabu magunia baada ya kugawa la fundi, la mkwe na la mbegu. Ekari nazo ni hivyohivyo: tafiti zilizolinganisha makadirio ya wakulima na vipimo vya GPS zimeonyesha mara nyingi kwamba vishamba vidogo hukadiriwa kuwa vikubwa kuliko vilivyo, na makubwa kuwa madogo. Simu yako inatosha: zunguka mpaka wa shamba na programu ya kupima eneo. Kisha, kabla ya mavuno, weka mraba wa mita tano kwa tano mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu; usipachague kwa macho, maana macho hupenda penye mtama mzuri. Vuna mraba huo, kausha, pura, pima kwa mzani. Fanya hivyo kwa sehemu tu ya kaya zako, na kwa waliobaki pokea makadirio yao. Ukilinganisha hayo mawili utajua makadirio yanapotoka kwa kiasi gani.

Hata hivyo, kilo zikishapatikana shambani safari imefika nusu. Mwenye deni anaweza kuvuna vizuri Juni na Septemba akawa hana kitu. Ingia nyumbani. Swali moja rahisi ninalolipenda kuliko mengi: chakula mlichovuna wenyewe kiliisha mwezi gani? Ikiwa kabla ya mradi kiliisha Oktoba na sasa, katika mwaka wenye mvua kama ile, kinafika Januari, una jambo la kumwambia mzee. Ongeza maswali matano yanayotumiwa sana na mashirika ya chakula. Katika siku saba zilizopita, siku ngapi mlikula chakula cha bei nafuu msichokipenda? Siku ngapi mliazima chakula au kutegemea ndugu? Siku ngapi mlipunguza kiasi cha kula? Siku ngapi wakubwa walijinyima ili watoto wale? Siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Kuazima huzidishwa kwa mbili, kujinyima kwa ajili ya watoto kwa tatu, mengine kwa moja, kisha unajumlisha. Alama hazizidi 56, na zikiwa juu hali ni mbaya. Uliza mwezi uleule kila mwaka, Januari au Februari, ghala zinapokuwa chini. Ukiuliza Januari mwaka huu na Julai mwaka ujao, utakuwa umepima kalenda.

Tazama na mnadani. Mbuzi mmoja anabadilishwa kwa debe ngapi za mahindi? Mwaka wa shida bei ya mbuzi huanguka na ya nafaka hupanda, kwa sababu wote wanauza pamoja na wote wananunua pamoja. Kaya ambayo haikulazimika kupeleka mnadani mbuzi jike katika wakati huo imehimili kweli, hata kama mavuno yake hayakuwa ya kujivunia.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba usilikasirikie: wewe usiwe muulizaji. Watu wanakuheshimu, na wewe ndiye uliyewapa mbegu. Mwingine atakusifia ili usivunjike moyo, mwingine ataongeza njaa yake ili asiachwe kwenye mgao ujao. Badilishana na afisa ugani wa kata jirani, yeye aulize kwako nawe uulize kwake. Na mke aulizwe peke yake, mume peke yake. Mume atakutajia magunia. Mke atakutajia siku alizochimba matuta akiwa na mtoto mgongoni, na kuni alizozikosa, na palizi iliyochelewa. Matuta ni kazi nzito, na kazi hiyo lazima iandikwe upande wa gharama. Hesabu siku za kazi kwa ekari, ni za nani, na zimeacha kazi gani nyingine.

Mtama una gharama yake pia ambayo ripoti nyingi huiruka: ndege. Macia, mbegu iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999, hukomaa kwa miezi mitatu na nusu hivi, na punje zake nyeupe ni tamu kwa ugali. Ni tamu kwa kwelea kwelea pia. Shamba linalokomaa mapema likiwa peke yake huvutia kundi zima. Ni nani anayekaa shambani alfajiri hadi jioni kuwafukuza? Mara nyingi ni mtoto. Pata daftari la mahudhurio la shule ya msingi kwa Aprili na Mei, miaka ya kabla na ya baada ya mradi. Mavuno yakiwa yamepanda na madarasa yamebaki nusu, mzee atataka kulijua hilo, nami ningetaka.

Madhara mengine huenda mbali na shamba. Hapo mkoani kwenu, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vilivyomomonyoka vya Kondoa. Ardhi ilipona, nyasi zilirudi, makorongo yakatulia. Anayepima ndani ya eneo lile tu ataona mafanikio. Lakini ng'ombe wale walihamia mahali fulani, na mahali hapo pana wenyewe. Kusini kwenu, Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, kilimo cha umwagiliaji wa mpunga kilipokuwa kimepanuka huko Usangu. Mkulima wa juu alijipatia uhakika, wa chini akapoteza mto. Kwako wewe, swali la aina hiyo ni dogo lakini lipo: matuta yakikinga maji mlimani, lambo la wafugaji wa chini linajaa kama zamani? Nenda ukawaulize wafugaji wenyewe.

Visiki hai vipimwe kivyake, kwa subira. Idadi ya visiki vilivyotiwa alama haina maana kubwa. Rudi baada ya viangazi viwili uhesabu vilivyo hai, na umuulize mama anatembea muda gani kutafuta kuni. Faida ya udongo itachukua miaka, usiiahidi kwenye ripoti ya mradi wa miaka mitatu.

Umeniambia huu ni msimu wa tatu, na nadhani takwimu za msingi ulizonazo ni chache. Kuna namna ya kuzirudisha kwa kiasi. Kaa na wazee, wanaume na wanawake, chini ya mti, na mawe. Kila jiwe mwaka mmoja. Watapanga wenyewe miaka mizuri na mibaya, wataeleza katika kila mwaka mbaya walikula nini, waliuza nini, nani alihama. Ugogo una kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Ile njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, majeshi yalipochukua nafaka na ng'ombe na mvua ikakatika, bado ina jina lake. Linganisha miaka yao na takwimu za mvua. Zikikubaliana, una msingi wa kusema, "Mwaka fulani mvua ilikuwa kama hii ya juzi, na hali nyumbani ilikuwa hivi."

Mwisho, watembelee walioacha. Kila mradi una watu waliochimba matuta mwaka wa kwanza, wakaona hayafai, wakarudi kulima tambarare. Hawaji mikutanoni, hawamo kwenye picha, na wanajua mengi kuliko wote. Halafu mradi ukishafungwa, rudi baada ya misimu miwili uhesabu matuta mapya: yaliyochimbwa bila posho ya mafunzo, bila mbegu ya bure, bila gari la mgeni kutarajiwa. Kwa maoni yangu hakuna kiashiria kinachoaminika kuliko hicho. Mkulima wa Kongwa hapotezi nguvu zake Novemba, njaa ikimchungulia, kwa kitu kisichomlipa.

Usianze yote mara moja. Kabla ya mvua za kwanza, tundika vipima mvua na uchague kaya kwa kura hadharani, mzee wako akiwepo ashike kofia yenye karatasi za kura. Januari, mwenzako wa kata jirani aulize yale maswali matano na lile la mwezi wa chakula kuisha. Mei, weka miraba yako. Ukishamaliza kupura, nitumie nakala ya daftari la mvua pamoja na uzito wa miraba, pande zote mbili. Nitaanza na ukurasa wa Februari.